WATAKAOCHAGULIWA TU NDIO WATAKAOJULISHWA

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu ili niseme juu ya maneno manne ambayo kila mwanachama ameyasoma mwishoni mwa tangazo la kazi, nayo ndiyo niliyoyaweka juu ya barua hii. Wengi huyapita kama mtu apitavyo muhuri chini ya waraka. Mimi pia niliyapita kwa miaka mingi, na tena nakiri ya kuwa nimepata kuyaandika kwa mkono wangu. Leo nasema kwamba maneno hayo ni dhuluma, na ya kwamba sisi makarani tu washiriki wake.

Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa shauri langu si la kampuni moja, na kwa kuwa sipendi Bwana Mhariri aitwe mahakamani kwa ajili yangu.

Habari yenyewe ni hii. Kwa miaka tisa nilishika daftari la fedha katika ofisi ya halmashauri moja mkoani Morogoro, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwezi wa Juni nilikuwa nikingoja kujua kama nitakula mwezi wa Julai. Mtu aliye katika hali hiyo akiona tangazo la kazi ya kudumu, hawezi kulaumiwa kwa kulisoma mara mbili. Mwezi wa Februari 2025 niliona tangazo la kampuni ya Dar es Salaam iliyotaka msaidizi wa mhasibu, mwenye stashahada na uzoefu wa miaka mitano. Stashahada ninayo, na miaka ilizidi. Mshahara haukutajwa, waliandika tu ya kuwa ni mzuri.

Zamani mtu aliandika barua ya maombi kwa mwandiko wake bora, akaitia katika bahasha pamoja na nakala za vyeti, basi. Siku hizi mtu huambiwa apeleke wasifu wake kwa kompyuta, na akiisha kuupeleka, kompyuta humtaka aandike upya, neno kwa neno, kila jambo lililomo katika wasifu ule ule. Nilifanya hivyo. Nikafika mahali palipoulizwa: "Mshahara wako wa sasa ni kiasi gani?" Nilipaacha wazi, kwani niliona si shauri lao. Mashine ikakataa kuendelea. Basi nikaandika. Fikirini, mabwana na mabibi: muuzaji akataa kutaja bei yake, huku amlazimisha mnunuzi kufungua mfuko na kuhesabu fedha mbele yake! Hata sokoni jambo hili halifanywi.

Nilipomaliza, ndani ya dakika moja ilikuja barua pepe ya kunishukuru na kuniarifu ya kwamba maombi yangu yamepokewa. Naomba wasomaji waikumbuke barua hiyo, maana nitairudia.

Baada ya majuma matatu ulikuja mtihani wa maswali 40 kwa dakika 30, nikaushinda. Kisha ukaja usaili wa kuzungumza na simu. Ambaye hajaupata usaili wa namna hii nitamweleza. Swali huandikwa juu ya kioo cha simu, nawe wapewa sekunde 90 za kujibu, na mbele yako hapana mtu ila uso wako mwenyewe. Nimesailiwa mara nyingi katika maisha yangu, na wakali na wapole, lakini nilikuwa sijapata kujisaili. Kwa desturi njema niliyolelewa nayo nilianza kwa kusema "Shikamoo", ndipo nikatambua ya kuwa nimejiamkia mwenyewe. Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Hayo ni ya kuchekesha, yaliyofuata siyo. Niliitwa Dar es Salaam mara tatu. Mara zote nilipanda treni ya reli mpya, ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nikalipa Sh. 13,000 kwenda na kiasi hicho kurudi. Safari ya kwanza niliambiwa nifike saa tatu asubuhi, nikafika saa tatu kasorobo. Nilikaa juu ya benchi mpaka saa tisa alasiri, ndipo nikaambiwa ya kuwa mkubwa anayehusika amesafiri tangu jana. Tangu jana! Safari ya pili nilisailiwa na watu watatu kwa muda wa dakika ishirini, nao walikuwa waungwana, sina neno juu yao. Waliniambia ya kwamba tumebaki wanne tu. Naomba wasomaji waikumbuke hesabu hii pia.

Safari ya tatu ilikuwa ya siku mbili, nikalala kwa dada yangu Mbagala. Waliita siku hizo "jaribio la vitendo". Nilipewa meza, kompyuta, daftari la fedha la miezi mitatu na taarifa za benki za miezi hiyo, nikaambiwa nilinganishe. Kazi hiyo naijua kama nijuavyo njia ya kwangu. Nilikuta hundi mbili zimeandikwa mara mbili, makato ya benki hayakuandikwa kabisa, na malipo ya mteja mmoja yametiwa katika hesabu ya mteja mwingine. Majina ya wateja yalikuwa majina ya kweli, na fedha zilikuwa fedha za kweli. Jioni ya siku ya pili, hesabu zilipokubaliana mpaka senti ya mwisho, binti mmoja wa ofisini aliniambia kwa furaha, "Kaka, umetuokoa, wakaguzi wanakuja Jumatatu." Hakujua alilolisema. Mimi nililijua, nikanyamaza kama anyamazavyo mwenye shida.

Tangu lini mtu akapimwa kwa kuifanya kazi yenyewe bila ujira? Fundi seremala humwonyesha mteja kiti alichokwisha kukitengeneza. Hatengenezi milango ya nyumba nzima ili aaminiwe. Kama ni mtihani, na watoe daftari la mfano, jambo lisilomshinda mhasibu yeyote. Kama ni kazi, na walipe siku mbili za kazi.

Sasa nafika penye jambo lililonifanya niandike, kwani nauli hurudi na usingizi hurudi. Katika maombi walitaka majina ya wadhamini watatu, na mmoja wao awe mkuu wa mahali nifanyapo kazi. Niliandika jina la mkuu wangu, na kando yake niliandika wazi: "Naomba asiulizwe mpaka nipatapo barua ya kuajiriwa." Afisa utumishi wao alinijibu kwa simu, "Usihofu." Siku kumi baada ya jaribio lile, siku moja asubuhi, mkuu wangu aliniita. Alikuwa ameshika simu mkononi. Akaniambia, "Bwana, kumbe watuaga?" Nikamwambia, "Hapana, mzee, bado." Akasema, "Wamenipigia jana, wameniuliza tabia yako. Nimekusema vizuri." Na kweli alinisema vizuri, sina shaka, ni mtu mwema.

Lakini ilikuwa mwezi wa Mei. Katika mwezi wa Juni orodha ya mikataba ilipoandikwa, jina langu halikuwamo. Nilipouliza, mkuu alishangaa kweli kweli. "Sisi tulijua wewe umekwisha kupata," akasema, "nasi tukampa nafasi kijana mwingine, asije akakosa naye." Nani nimlaumu hapo? Si yeye. Alifanya alivyodhani ni wema kwa watu wawili. Aliyeng'oa ngazi ni yule aliyeshika simu Dar es Salaam, akauliza tabia yangu kwa ajili ya kazi ambayo hakuwa na hakika ya kunipa, na hali ameombwa asiulize. Pengine ilimchukua dakika nne. Miaka tisa yangu ilikwisha kwa simu ya dakika nne.

Katika muda huo waliniagiza nipimwe afya kwa gharama yangu, nikapimwa, nikawapelekea cheti. Kisha wakanyamaza. Mwezi wa Juni niliwaandikia, sikujibiwa. Mwezi wa Julai niliwaandikia mara mbili, kisha nikapiga simu. Niliambiwa, "Mchakato bado unaendelea." Neno hili "mchakato" silijui lilikozaliwa, ila naona limezaliwa ili mtu asiseme nani ameshika faili. Ukiuliza faili liko juu ya meza ya nani, wapata jina la mtu. Ukiuliza mchakato uko wapi, wapata kimya. Mwezi wa Agosti niliandika mara ya nne. Mwezi wa Septemba tangazo lao lilitoka tena, kwa maneno yale yale, na chini yake maneno yetu manne.

Nimefanya hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nauli ya treni Sh. 78,000. Wakili aliyethibitisha karatasi sita za vyeti, Sh. 18,000. Kupimwa afya Sh. 65,000. Daladala, chakula na vocha za intaneti Sh. 49,000. Jumla Sh. 210,000, mbali na siku mbili za kazi, na mbali na mkataba.

Najua watakalosema wenye makampuni: waombaji ni wengi mno, haiwezekani kumjibu kila mmoja. Ni kweli kwamba waombaji ni wengi. Nani amesahau mwaka 2014, watu zaidi ya elfu kumi walipojaa Uwanja wa Taifa kwa ajili ya nafasi 70 za Uhamiaji? Walakini hoja hiyo yashindwa mahali pawili. Kwanza, ile barua niliyoomba muikumbuke. Mashine iliyoweza kuniambia ndani ya dakika moja "tumepokea", haiwezi kushindwa kuniambia "hukupata". Kazi ni ile ile, na gharama ni ile ile; kilichokosekana ni mtu wa kuiamuru. Pili, ile hesabu. Tulikuwa wanne. Je, kampuni yenye jengo la ghorofa na mlinzi mlangoni haina nafasi ya kuandika barua tatu?

Mimi sidai ya kwamba kila aliyetuma karatasi ajibiwe kwa mkono. Aliyetuma maombi tu ametoa muda wake kwa hiari yake. Lakini mara mwajiri anapomwita mtu kwa jina lake, akamwambia njoo, hapo amekwisha kufungua hesabu naye, na hesabu iliyofunguliwa sharti ifungwe. Hapana karani kati yetu ambaye angeruhusiwa kuacha ukurasa wazi katika daftari lake mwaka mzima na kumwambia mkaguzi kwamba mchakato unaendelea.

Na tulinganishe. Sisi twalalamika juu ya Sekretarieti ya Ajira ya Serikali, na mara nyingine twalalamika kwa haki, maana foleni yake ni ndefu. Hata hivyo Sekretarieti hutoa majina ya walioitwa kwenye usaili, na baadaye majina ya walioitwa kazini, yakasomwa na nchi nzima. Asiyeona jina lake hulala na huzuni, lakini hulala akijua. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam, walioajiriwa kwa kutwa kabla ya mgomo wao wa Septemba 1947, walikuwa na maisha magumu kuliko yetu sote. Walakini aliyekosa kazi asubuhi alikuwa na siku iliyobaki ya kutafuta chakula kwingine. Mimi, mwenye stashahada, nilingoja tangu Mei hadi Septemba nisijue kama nimekosa.

Yamkini mtu atauliza sheria yasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kubagua, na katazo hilo lagusa hata matangazo ya kazi na namna ya kuchagua waombaji. Katazo hilo ni jema, lakini mimi sikubaguliwa. Niliachwa tu, na kuachwa si ubaguzi. Wengine wamekwisha kuliona pengo hili. Katika jimbo la Ontario, huko Kanada, tangu tarehe 1 Januari 2026 mwajiri mwenye watu 25 au zaidi, akitangaza nafasi kwa watu wote kisha akamsaili mtu, yampasa kumwarifu ndani ya siku 45 baada ya usaili wa mwisho kama uamuzi umefanywa au bado. Tena katika tangazo lake yampasa kutaja mshahara. Nao Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo mwaka 2023 wa kumkataza mwajiri kumwuliza mwombaji mshahara wake wa nyuma, na nchi zake zikapewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuutia mwongozo huo katika sheria zao. Siandiki haya ili tuige kila kitokacho ng'ambo. Nayaandika kwa sababu wapo kati yetu watakaosema haiwezekani, nami nataka wajue kwamba mahali pengine ni sheria, na makampuni hayajafungwa.

Sasa niseme juu yetu wenyewe, jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Nani aandikaye yale maneno manne? Si mkurugenzi. Mkurugenzi hutia sahihi. Aandikaye ni karani, anayelitoa tangazo la mwaka jana, akabadili tarehe, akalipeleka. Nani apigaye simu kwa wadhamini? Karani. Nani asemaye "bado unaendelea", na hali faili liko mbele yake limefungwa? Mwaka 2019 nilikuwa katika kamati ndogo ya kuajiri mtunza stoo. Waliitwa watu saba. Mmoja wao, mzee kidogo, alinipigia simu mara tatu baadaye. Mara ya kwanza nilimjibu ya kuwa asubiri. Mara ya pili na ya tatu niliiona simu yake nikaiacha ilie. Nilijua amekosa, sikuona kuwa ni kazi yangu kumwambia. Sasa namkumbuka kila nikaapo na simu yangu mkononi. Sikumbuki jina lake, nalo limo katika faili ambalo sina ruhusa tena ya kulifungua.

Kwa hiyo naomba jambo lianzie kwetu, kabla ya kuwapelekea wakubwa hoja zetu. Mwanachama aliye katika ofisi ya utumishi, ya Serikali au ya kampuni, aweza kesho asubuhi kuyafuta maneno yale na kuandika badala yake siku ambayo kila aliyesailiwa atajibiwa. Hahitaji kibali cha bodi kwa hayo. Akiulizwa, aseme ni adabu ya ofisi. Aweza kuliacha jina la mdhamini katika bahasha mpaka barua ya kuajiri iwe imetiwa sahihi, ndipo aulize, tena aulize kwa idhini ya mwenyewe. Aweza kumwambia mkuu wake kwamba hesabu za kweli hazifai kuwekwa mbele ya mtu mgeni, na neno hili wakubwa watalisikia upesi kuliko lile la ujira, maana ni siri yao iliyo hatarini. Chama kwa upande wake kiwaandikie waajiri, na wizara inayosimamia kazi, kidai ya kwamba aliyeitwa ajibiwe kwa muda uliowekwa, na aliyefanyishwa kazi alipwe. Nimesikia katika mkutano mwanachama mmoja akisema kuwa haya ni mambo ya wasio na kazi, nasi tu chama cha wenye kazi. Nilikuwa na kazi nilipoomba, Bwana.

Jambo moja zaidi, halafu nitakoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humpa mtu haki ya kumwuliza aliyechukua taarifa zake amezifanyia nini. Kampuni ile ina nakala za vyeti vyangu, namba ya kitambulisho changu, kiasi cha mshahara wangu, picha ya uso wangu ukijiamkia, na cheti cha hali ya mwili wangu. Mwezi wa Oktoba 2025 niliwaandikia barua ya tano, nikaitaja sheria hiyo, nikauliza vitu hivyo vimewekwa wapi na ni nani amevisoma. Safari hii sikuomba kazi. Barua niliipeleka kwa rejesta, na karatasi ya posta ya kuonyesha kwamba imepokewa ninayo.

Nakala ya barua hiyo, pamoja na risiti zote za Sh. 210,000, nimemkabidhi Bwana Katibu. Mwanachama atakaye kuandika barua ya namna hiyo kwa kampuni iliyomnyamazia na aiombe kwake, abadili majina na tarehe.

Wasalaam,

Mimi wenu katika Chama,
KARANI ALIYEJIAMKIA
Morogoro